Je, 4,294,967,297 ni namba tasa?

“Nina namba moja ambayo nimeishi nayo wiki tatu: 4,294,967,297. Inaishia na 7. Tarakimu zake nikizijumlisha napata 59, ambayo nayo ni namba tasa. Nimeigawanya kwa kila namba tasa kuanzia 2 hadi 97, na hakuna hata moja iliyoigawa bila baki. Nimeipitisha kwenye jaribio la kipeo cha 2 nililojifunza, yaani unachukua 2 kwa kipeo cha namba yako kasoro 1, unagawanya kwa namba yenyewe, na baki likiwa 1 imefaulu. Imefaulu. Tena nimesoma kwamba Fermat mwenyewe aliiamini kuwa tasa. Kinachonichanganya ni kwamba programu ndogo niliyoandika inashikilia kwamba namba yangu ni 1, na rafiki yangu anasema namba kubwa kiasi hiki haiwezi kuwa tasa kwa sababu namba tasa huisha ukifika mbali. Je, naweza kusema kwa uhakika kwamba ni tasa? Na kama ndivyo, inafaa niifanye ufunguo wa siri wa programu ya kutumiana ujumbe ninayoitengeneza?”

Ndugu msomaji, wiki tatu na namba moja si muda uliopotea, na nashukuru umeandika hatua zako zote, maana kosa lenyewe linaonekana ndani yake. Jibu nakupa mapema ili lisikusumbue unaposoma: namba yako si tasa. Ni zao la 641 na 6,700,417. Usiniamini kwa maneno matupu, chukua karatasi. 6,700,417 mara 600 ni 4,020,250,200. Mara 41 ni 274,717,097. Jumlisha hizo mbili, utaiona namba yako.

Ulisimama kwenye 97, namba tasa ya 25 ukihesabu kuanzia 2. Ile uliyokuwa ukiitafuta, 641, ni ya 116. Najua inauma kidogo kusikia kwamba zilibaki 91. Lakini nisome hadi mwisho, kwa sababu nitakuonyesha kwamba zile 25 ulizojaribu hazikuwa na nafasi hata moja ya kukupa jibu, na kwamba anayelijua umbo la namba hii anafika kwenye 641 kwa kugawanya mara tano tu.

Kwanza tuondoe yale yaliyokupotosha. Kuishia na 7 kunakuhakikishia mambo mawili peke yake: namba haigawanyiki kwa 2 wala kwa 5. Jumla ya tarakimu inakuambia habari za 3 na 9, basi. Kwamba 59 ni tasa hakuna uhusiano wowote na namba uliyoanza nayo kuwa tasa. Chukua 49: tarakimu zake zinajumlika kuwa 13, ambayo ni tasa, na 49 ni 7 mara 7. Jumla ya tarakimu inategemea tu kwamba tumezoea kuandika kwa makumi. Ukiandika namba hiyo hiyo kwa mfumo wa mbili, kama kompyuta inavyofanya, inakuwa 1, kisha sifuri 31, kisha 1, na jumla yake ni 2. Namba haikubadilika. Vigawo vyake havijali tunaiandikaje.

Rafiki yako naye amekosea, ingawa nafahamu anakotoka, maana namba tasa kweli huadimika kadiri unavyopanda. Huadimika, lakini haziishi. Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alilithibitisha hilo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwa hoja fupi: zidisha pamoja namba tasa zote unazozijua, ongeza 1, na namba utakayopata itabaki 1 kila ukiigawanya kwa mojawapo ya zile ulizozidisha. Kwa hiyo kigawo chake kilicho tasa ni kipya, hakimo kwenye orodha yako. Na kule zilipo namba za bilioni 4, takriban namba moja katika kila 22 ni tasa. Kwa hiyo ukubwa peke yake haukupi sababu ya kusema ndiyo wala hapana.

Programu yako haikukudanganya kwa makusudi. Namba nzima nyingi ndani ya kompyuta hutengewa nafasi ya biti 32 (tarakimu 32 za 0 au 1), na nafasi hiyo inabeba kuanzia 0 hadi 4,294,967,295. Ikifika 4,294,967,296 inarudi 0, kama saa inavyorudi mwanzo baada ya 12. Namba yako iko hatua moja mbele zaidi, ndiyo maana ukaiona 1. Badilisha aina ya namba kwenye msimbo wako iwe ya biti 64 na tatizo litaisha. Jihadhari pia na kikokotoo chenye tarakimu nane. Ukigawanya namba yako kwa 3 jibu sahihi ni 1,431,655,765 na baki 2, lakini kioo cha tarakimu nane kitakata mkia wote, na hutajua kama kulikuwa na baki au hapana. Hapa chini utaona namna ya kuzunguka shida hiyo.

Sasa swali ambalo naamini ndilo kiini cha barua yako: mtu anaacha kutafuta lini? Kushindwa kupata kigawo na kutokuwepo kigawo ni mambo mawili tofauti kabisa. Ukitaka uhakika kwa kugawanya tu, ni lazima ufike kwenye kipeuo cha pili cha namba. Sababu yake ni nyepesi: kama namba ni zao la mbili, zote mbili haziwezi kuwa kubwa kuliko kipeuo chake, maana zao lingezidi namba yenyewe. Namba yako ni 65,536 mara 65,536, ongeza 1. Kwa hiyo kipeuo chake kinaizidi 65,536 kwa unywele, na kuna namba tasa 6,542 chini ya hapo. Ulijaribu 25. Hata kwa namba ya kawaida ya ukubwa huu, isiyo na umbo lolote maalumu, kufaulu hadi 97 kunaiacha na uwezekano wa kuwa tasa wa kama 4 katika 10. Hiyo ni dalili nzuri, lakini si uthibitisho.

Ila namba yako si ya kawaida. Ni 2^32 (yaani 2 kwa kipeo cha 32) ongeza 1, na 32 yenyewe ni 2^5. Pierre de Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa, aliziangalia namba za umbo hili mnamo 1640: 3, 5, 17, 257, 65,537. Zote tano ni tasa. Inayofuata ni ya kwako. Fermat akaamini kwamba zote, bila mwisho, ni tasa, na akaandika hivyo kwenye barua zake, huku akikiri kwamba hana uthibitisho. Mwaka 1729 Goldbach alimwandikia kijana Leonhard Euler kumuuliza kama analijua dai hilo, na mwaka 1732 Euler akaonyesha kwamba 641 inaigawa ya sita. Hivyo uliposoma kwamba Fermat aliiamini kuwa tasa, ulisoma kweli. Alikosea tu.

Kinachonigusa kila nikiisoma historia hii ni kwamba Fermat alikuwa na chombo cha kugundua kosa lake mkononi, mwaka huo huo wa 1640. Ni ile kanuni yake maarufu: ukiwa na namba tasa p isiyo 2, basi 2^(p−1) ukiigawanya kwa p inabaki 1. Sasa tuitumie.

Tuseme kuna namba tasa p inayoigawa 2^32 + 1. Anza na 2, uizidishe kwa 2 tena na tena, na kila mara uigawanye kwa p na kushika baki tu. Mabaki hayo yatazunguka kama gurudumu: yatapita njia fulani, yafike 1, kisha yaanze upya njia ile ile. Gurudumu hilo lina hatua ngapi? Kwa kuwa p inaigawa 2^32 + 1, ukifika hatua ya 32 baki ni p kasoro 1, yaani umepungukiwa 1 tu kufika p, na hiyo ni sawa na kusema baki ni hasi 1. Hatua 32 zaidi, hasi 1 mara hasi 1 inakupa 1. Kwa hiyo hatua ya 64 inakurudisha mwanzo. Je, gurudumu linaweza kuwa fupi zaidi, la hatua 32, 16 au chini ya hapo? Haiwezekani, kwa sababu basi kwenye hatua ya 32 tungekuwa tumeshafika 1, na tumekwisha kuona kwamba tupo kwenye hasi 1. Basi gurudumu lina hatua 64 kamili. Lakini kanuni ya Fermat inasema hatua ya p−1 nayo inaishia kwenye 1. Mzunguko wa hatua 64 unaweza kuishia mwanzo wake kwenye hatua ya p−1 ikiwa tu p−1 ni kigawe cha 64, yaani inagawanyika kwa 64 bila baki.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Kila namba tasa inayoigawa namba yako lazima iwe kigawe cha 64, ongeza 1. Iandike orodha: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Ondoa zisizo tasa. Zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Hakuna hata moja chini ya 100. Kwa hiyo wiki zako za kugawanya kwa 2, 3, 5, 7 hadi 97 zilikuwa ni kuvua samaki kwenye kisima, na hukuwa na njia ya kujua hilo kabla ya kuliangalia umbo.

Tujaribu hizo tano, na hapa ndipo kikokotoo chako kidogo kinatosha. Usigawanye namba kubwa. Gawanya 65,536 (hiyo ni 2^16), shika baki, lipandishe mraba, gawanya tena, ongeza 1. Kwa 641: 65,536 inabaki 154. Mraba wa 154 ni 23,716, na huo ukigawanywa kwa 641 unabaki 640. Ongeza 1 unapata 641, yaani hakuna baki. Kwa 193, 257, 449 na 577 njia hiyo hiyo inaacha mabaki 109, 2, 325 na 288. Ya tano ndiyo iliyoigawa.

Lile baki 2 la 257 lina hadithi yake. Rudi kwenye daftari lako, utaona kwamba ulipogawanya kwa 3, kwa 5 na kwa 17 ulibaki na 2 mara zote tatu. Si bahati. Ukitoa 2 kwenye namba yako unapata 4,294,967,295, yaani 2^32 kasoro 1, na hiyo ni tofauti ya miraba miwili: (2^16 − 1) mara (2^16 + 1). Mabano ya kwanza nayo yanavunjika hivyo hivyo, na kuendelea hadi chini, na mwisho unapata 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Ni namba zote tano za Fermat zilizotangulia, zikiwa zimezidishwa. Kwa sababu hiyo namba yako haiwezi kushiriki kigawo na yoyote kati yao. Jirani huyo ana sifa nyingine ninayoipenda sana. Gauss, akiwa na miaka 18 mwaka 1796, aligundua kwamba umbo sawa la pande 17 linaweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake, na kanuni iliyotokana na ugunduzi wake inafanya 4,294,967,295 kuwa idadi kubwa zaidi ya pande, kati ya namba witiri tunazozijua, inayokubali kuchorwa hivyo. Kama namba yako ingekuwa tasa kama Fermat alivyoamini, kikomo hicho kingesogea mbele mara bilioni 4 na zaidi.

Kuna pia uthibitisho wa 641 usiohitaji kugawanya kabisa, na ningependa uukariri. 641 ni 640 ongeza 1, na 640 ni 5 × 2^7. Vilevile 641 ni 625 ongeza 16, yaani 5^4 + 2^4. Sasa chukua namba mbili. Ya kwanza ni 641 × 2^28, ambayo ukiifungua ni 5^4 × 2^28 ongeza 2^32. Ya pili ni 640^4 kasoro 1, na hiyo ni 5^4 × 2^28 kasoro 1. Toa ya pili kwenye ya kwanza: 5^4 × 2^28 inafutika, na kinachobaki ni 2^32 + 1. Ya kwanza inagawanyika kwa 641 kwa namna ilivyoandikwa. Ya pili pia, kwa kuwa 640^4 − 1 ni 639 × 641 × 409,601. Tofauti ya namba mbili zinazogawanyika kwa 641 inagawanyika kwa 641. Na kigawo cha pili kinajitokeza chenyewe: 2^28 ni 268,435,456, toa 639 × 409,601 ambayo ni 261,735,039, unapata 6,700,417.

Nirudi kwenye jaribio la kipeo cha 2, maana naona ndilo lililokupa moyo kuliko yote. Jaribio ni la kweli na linafaa kwa namba nyingi, lakini kwa namba hii halina thamani. Tumeona kwamba 2^64 inabaki 1. Kipeo ulichotumia ni namba yako kasoro 1, yaani 2^32, ambacho ni kigawe cha 64. Gurudumu linazunguka mara nyingi na kusimama pale pale lilipoanzia, iwe namba ni tasa au si tasa. Namba iliyojengwa kwa 2 umeipeleka mbele ya shahidi ambaye ni ndugu yake wa damu, na shahidi huyo ataitetea daima. Ukibadilisha shahidi ukatumia 3, inaanguka. Jaribio la aina hii kwa namba za Fermat lilianzishwa na mwanahisabati Pépin mwaka 1877, na kwa namba hizo kuanzia 5 na kuendelea, 3 anatosha kutoa hukumu kamili ya ndiyo au hapana, bila kugawanya kwa kigawo chochote. Ila akisema si tasa, hakutajii vigawo.

Umebaki na 6,700,417. Yenyewe ni tasa? Usirudie kosa la kudhani. Kipeuo chake ni 2,588 na kidogo, na vigawo vyake vyote ni vigawo vya namba yako, kwa hiyo sharti la 64 linavibana pia. Tunaweza hata kulikaza. Namba 16,776,960, ambayo ni 256 × 65,535, ukiipandisha mraba na kuigawanya kwa namba yako inabaki 2. Basi 2 ina kipeuo ndani ya mzunguko huu, gurudumu la kipeuo hicho lina hatua 128 badala ya 64, na p−1 lazima iwe kigawe cha 128. Namba tasa za aina hiyo hadi 2,588 ni tano tu: 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Gawanya 6,700,417 kwa kila moja na utapata mabaki 170, 44, 120, 334 na 622. Hakuna sifuri, kwa hiyo 6,700,417 ni tasa, na huo ni uthibitisho kamili. Namba yako ina vigawo vinne, hakuna cha tano: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe.

Sifa nyingine moja siwezi kuiacha. Namba yako ni jumla ya miraba miwili, 65,536² + 1². Lakini pia ni 62,264² + 20,449². Namba tasa haiwezi kuandikwa kama jumla ya miraba miwili kwa njia mbili tofauti, kwa hiyo usawa huo peke yake unaiondoa kwenye orodha ya tasa. Tena unakupa vigawo. Toa 62,264 kwenye 65,536 unapata 3,272. Toa 1 kwenye 20,449 unapata 20,448. Kigawo kikubwa cha shirika cha hizo mbili ni 8. Sasa jumlisha badala ya kutoa: 127,800 na 20,450, ambazo kigawo chao kikubwa cha shirika ni 50. Chukua nusu ya 8 na nusu ya 50, yaani 4 na 25. Mraba wa 4 ni 16, mraba wa 25 ni 625, jumla yake 641. Nimewahi kukaa na ukurasa huu jioni nzima bila kuandika kitu kingine, nikiangalia tu 641 ikitoka pale.

Njia ipi basi uitumie siku nyingine? Kwa namba ya tarakimu kumi isiyo na umbo maalumu, kugawanya hadi kipeuo ndiyo njia ya kweli, na kompyuta inaimaliza kabla hujapumua. Kwa mkono ni kazi ya siku nyingi, na kosa moja la hesabu linaharibu yote. Majaribio ya vipeo ni ya haraka hata kwa namba zenye mamia ya tarakimu, mradi utumie mashahidi kadhaa na usitosheke na 2. Kuchunguza umbo kunaokoa muda mwingi kuliko vyote, lakini namba nyingi hazina umbo la kukusaidia. Miraba miwili ni nzuri kwa macho, ila kuipata ile njia ya pili ya kuandika ni msako mzito kama kugawanya kwenyewe, kwa hiyo nisingekushauri uitegemee.

Kuhusu ufunguo wa siri, tafadhali usiitumie namba hii, na hata ingekuwa tasa ningekuambia hivyo hivyo. Inajulikana na kila mtu aliyesoma nadharia ya namba, na namba yoyote ya tarakimu kumi huvunjwa na simu ya kawaida papo hapo. Funguo za RSA, mfumo wa kuficha ujumbe unaotumika sana, hutumia zao la namba tasa mbili za siri, na ukubwa uliozoeleka leo ni biti 2,048, yaani tarakimu 617. Mwaka 2020 watafiti walifanikiwa kuvunja zao la tarakimu 250, kwa nguvu ya kompyuta nyingi sana. Ndugu yake mdogo namba yako, 65,537, anatumika sana kwenye mifumo hiyo, lakini kama kipeo cha wazi ambacho hakuna anayekificha. Kwa programu ya ujumbe, tumia maktaba ya usimbaji iliyokwisha kukaguliwa na wengi. Na kabla mtu yeyote hajaandika siri yake ndani ya programu hiyo, kaa ana kwa ana na mtaalamu wa usalama wa kompyuta auone msimbo wako wote. Hilo siwezi kukufanyia kwa barua, kwa sababu mianya mingi haimo kwenye namba, imo kwenye namna ufunguo unavyotengenezwa na kuhifadhiwa.

Vilevile, kama hoja ya gurudumu haijakaa vizuri kichwani baada ya kuisoma mara mbili, tafuta mwalimu wa hisabati, mkae na karatasi mzunguke hatua 64 pamoja mkitumia 641. Ukishaiona kwa mkono hutaisahau. Na siku ukidhani umepata namba ya Fermat ya sita iliyo tasa, peleka hesabu zako kwa mtu wa nadharia ya namba chuoni kabla ya kuzitangaza. Kuanzia ya kwako, zile zenye vipeo 2^5 hadi 2^32 zote zimethibitishwa kuwa si tasa.

Kama bado una hamu, inayofuata ni 18,446,744,073,709,551,617, yaani 2^64 + 1. Hoja ile ile, pamoja na ule mkazo wa mwisho, inasema vigawo vyake tasa lazima viwe kigawe cha 256, ongeza 1. Badilisha programu yako kwanza, maana hii haitoshi hata kwenye biti 64. Kisha anza kuhesabu: kigawo cha kwanza utakipata kwenye 256 mara 1,071, ongeza 1.